Gitaa Kavu, Mfuko Mkavu

Kadi nane. Hizo ndizo zilizoingia kati ya uzi mnene na shingo ya gitaa langu la kwanza, pale kwenye freti ya 12. Nilianza na kadi ya benki, nikafuatisha ile ya NHIF ambayo siku hizi haina kazi nyingine, ya maktaba, mbili za supamaketi, kisha nikakopa za mke wangu mpaka pengo likajaa. Kadi moja ya benki ina unene wa karibu milimita 0.76, kwa hiyo nane ni milimita sita na ushei. Gitaa la nyuzi za chuma linalopigika hutaka kadi tatu au nne hapo. La nyuzi za nailoni huvumilia tano kwa upande wa besi. Langu lilitaka vidole vya mvuvi.

Nililinunua mtandaoni kwa shilingi 6,500. Pichani liling'aa kama mbuta aliyetolewa majini sasa hivi. Nilipolalamika, muuzaji, ambaye jina lake nalihifadhi, alinijibu kwamba nyuzi zitashuka zenyewe zikishazoea. Nikangoja wiki tatu. Uzi wa gitaa hauzoei chochote.

Hayo yalikuwa mwaka juzi. Tangu hapo nimenunua gitaa jingine, nimepita kwa walimu watatu, nimelipia programu moja ya simu, nimetazama video za bure hadi usiku wa manane, na kila shilingi nimeiandika kwenye daftari lilelile la tokeni za stima. Bei nitakazotaja ni zile nilizotajiwa au nilizolipa mwenyewe hapa Kisumu. Ukienda leo huenda zimesogea, lakini kipi ni ghali kuliko kipi, hilo halijabadilika.

Kwanza nieleze ninachokitafuta, maana ndicho kinachoamua gharama. Sitaki bendi. Sitaki kuimba pia. Sauti yangu ni siri ya bafuni. Nataka kukaa kibarazani hapa Milimani jua linapozamia ziwani, nipige Malaika ya Fadhili William kwa gitaa moja tu, mtu apitaye nje ya lango aujue wimbo bila kusikia neno. Besi, kodi na sauti ya mwimbaji, vyote vitoke kwenye mikono miwili. (Kodi za gitaa, si za nyumba, ijapokuwa zote hunitoa jasho.) Anayetaka kucharaza kodi huku kanisa zima linaimba ana safari nyingine, tena ya bei nafuu zaidi, na mengi ya humu hayamhusu.

Wazee waliita chombo hiki gitaa kavu, yaani lisilotiwa umeme. John Storm Roberts alipokusanya nyimbo za Kenya za kabla ya benga na kuzitoa kwenye albamu mwaka 1988, aliipa jina la Kenya Dry. Ukavu huo ndio raha yake, na ndio unaokuokolea pesa: huhitaji spika, nyaya wala jirani mvumilivu.

Haya, tuanze na chombo.

Gitaa jipya la bei ya chini, lile la inchi 38 lenye rangi ya kung'aa, hupatikana kwa kati ya 5,000 na 8,000. Wengi hudhani ubaya wake ni sauti. Sauti unaweza kuizoea. Ubaya ni ule urefu wa nyuzi, kwa sababu vidole vikiuma kila siku mtu huacha, kisha hujilaumu kwamba hana kipaji. Langu nililipeleka kwa seremala mmoja Kibuye, mtu wa vitanda na makabati ambaye hakuwahi kushika gitaa lakini mkono wake ulikuwa na akili. Alichomoa kile kipande cheupe cha plastiki kinachobeba nyuzi kwenye daraja, akakilaza juu ya msasa, akakisugua polepole huku akikipima kwa rula. Tulipunguza milimita mbili. Tuliporudisha nyuzi, pengo kwenye freti ya 12 lilikuwa limepungua milimita moja tu.

Hapo ndipo nilipojifunza hesabu ambayo muuzaji hakuniambia. Freti ya 12 iko katikati ya uzi, kwa hiyo ukipunguza mbili darajani unapata moja katikati. Mimi nilihitaji kushuka milimita mbili au zaidi, yaani kung'oa nne au zaidi darajani, na kipande chenyewe kilikuwa kimechomoza tatu tu. Shingo ilikuwa imeunganishwa na mwili kwa mshazari mbaya tangu kiwandani. "Hii si kazi ya msasa," fundi akasema, akanidai 500 ya kunithibitishia kwamba nimepoteza 6,500.

Upande wa pili wa soko kuna magitaa ya wanafunzi ya kampuni zinazojulikana. Mawili utakayoyasikia kila mahali ni Yamaha C40, la nailoni, na Yamaha F310, la chuma. C40 nilitajiwa kati ya 18,000 na 22,000. F310 ilipanda kidogo juu ya hapo. Maduka ya Kisumu huwa na moja au mawili ukutani, wakati Nairobi, maeneo ya Luthuli Avenue, unakuta mengi na unaweza kupatana bei. Ukimtuma mtu akununulie huko, mwambie alegeze nyuzi, alirudishe kwenye katoni yake, na alilipie kama parseli ya kawaida ya basi. Mimi niliambiwa 500. Ubao wa juu wa magitaa haya yote mawili ni wa matabaka yaliyogundishwa, si kipande kizima cha mbao, na wajuzi watakukunjia pua. Waache. Kwa hewa ya ziwa hili, mbao za matabaka hazitikisiki ovyo kama ubao mzima, na wewe bado hujafika mahali pa kusikia tofauti.

Hewa hii si ya kupuuzwa. Mwaka 1957 John Lennon aliagiza kwa posta gitaa la bei rahisi lililotengenezwa Afrika Kusini, Gallotone Champion, na ndani yake mlibandikwa karatasi ya kumhakikishia mnunuzi kwamba halitapasuka. Aliyeibandika alijua jua letu. Hapa kwetu adui mwingine ni unyevu: nyuzi za chuma hushika kutu ndani ya wiki chache, na gitaa lililoachwa kwenye buti ya gari mchana wa Februari linaweza kuachia gundi ya daraja. Vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya usivitupe. Vitupie ndani ya mkoba wa gitaa.

Njia ya tatu, niliyoifuata mwishowe, ni ya mtumba, na hapa Milimani ina bahati ambayo mitaa mingine haina. Mtaa huu umejaa wafanyakazi wa mashirika wanaokuja kwa mikataba ya miaka miwili au mitatu. Mkataba ukiisha wanauza friji, baiskeli, godoro na gitaa ambalo walinuia kujifunza. Wengi hawakujifunza, kwa hiyo gitaa ni jipya ila lina vumbi. Matangazo hubandikwa kwenye makundi ya WhatsApp ya wapangaji. Muulize mlinzi wa lango, yeye hujua kabla ya tangazo. Langu, la nailoni, nililipata kwa 9,000 pamoja na mkoba wake. Vijana wa bendi za kanisa nao huuza wanapopanda daraja na kununua la umeme, lakini hayo yamefanya kazi. Yakague vizuri.

Kukagua kwenyewe ni dakika tano. Funga jicho moja, uitazame shingo kuanzia kichwani kama anayelenga manati: iwe imenyooka, au iwe na bonde dogo tu. Pitisha kadi zako kwenye freti ya 12. Bonyeza kila uzi kwenye kila freti usikie kama kuna unaovuma kama nzi kwenye chupa. Kisha chungulia nyuma ya daraja: ukiona ufa ambao karatasi inaweza kuingia, rudi nyumbani na pesa zako. Ufa huo mara nyingi una historia moja. Mtu alikuwa na gitaa la nailoni, akaona sauti ni ya upole mno, akavisha nyuzi za chuma. Nyuzi sita za chuma, hata zile nyembamba, huvuta kwa nguvu ya kama kilo 70. Za nailoni huvuta kama kilo 40. Gitaa la nailoni halikujengwa kubeba hizo 30 za ziada, na daraja hung'oka taratibu kama jino.

Basi chuma au nailoni? Hapa nakiri nimegawanyika. Sauti ya wazee wetu ni ya chuma. George Mukabi wa Butere, aliyefariki mwaka 1963 akiacha mtindo wa omutibo na wimbo wa Sengula, hutamsikia kwenye nailoni hata ujitahidi vipi. Ule mlio mkali unaokatika ghafla, na chupa ya Fanta ikigongwa pembeni, unataka waya. Lakini nailoni ina shingo pana, nafasi ya vidole kutokanyagana, na haiumizi mtu mzima anayeanza akiwa na miaka arobaini na kitu. Nimechagua nailoni na kila nikiisikia Sengula najuta kidogo. Kijana wa miaka kumi na sita mwenye vidole vya kufulia nguo, mimi ningempa chuma moja kwa moja.

Hapo kwenye chombo tumemaliza, na ndipo watu wengi humalizia pesa zao. Kosa kubwa. Gitaa hununuliwa mara moja. Anayekula bajeti ni mwalimu, au ukosefu wake.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa kijana anayepiga kanisani, akija nyumbani kwa 1,500 kwa saa. Mwenzake wa bendi hiyohiyo humfundisha rafiki yangu wa Manyatta kwa 800. Niliuliza kwa nini. Alicheka: "Umesema Milimani." Anwani hii ina bei yake, kuanzia samaki hadi fundi wa bomba, na gitaa halikusazwa. Ukitaka kuikwepa, nenda wewe kwake.

Sina ubaya naye. Alinifundisha kutuni gitaa kwa sikio, kodi zote za mwanzo, na ile lugha ya namba ya wanamuziki wa kanisa: moja, nne, tano. Mwezi mmoja nikawa nacharaza. Ila nilipomwomba anipigie Malaika bila kuimba, alicharaza kodi tatu mfululizo, nzuri, safi, na wimbo haukuwemo. Alikuwa ananipa uwanja ambao mwimbaji angekuja kusimama, na mimi mwimbaji simtaki. Kazi aliyoizoea ni nyingine, nami nilikuwa nimelipa 6,000 kwa mwezi kabla ya kuligundua hilo.

Wa pili yuko Nairobi, kwa video, 1,200 kwa saa. Sauti hufika ikiwa imechelewa kidogo, kwa hiyo hamwezi kupiga pamoja. Yeye hupiga, wewe husikiliza, kisha mnabadilishana. Nilikaa naye vipindi vinne. Chenye thamani kwake hakikuwa vipindi. Alikubali kuniandikia mpangilio wa wimbo mzima, mistari sita yenye namba za freti, kwa 2,500 kwa wimbo. Ukishajua kusoma mistari hiyo, karatasi hiyo ni mali ya kudumu. Naipendekeza kwa mtu ambaye tayari mkono wake wa kulia unatembea.

Video za bure nazo zina nafasi yake, na mwenye intaneti ya nyumbani ya karibu 3,000 kwa mwezi ameshazilipia. Kozi ya mwanzo ya JustinGuitar inamtosha yeyote kwa miezi mitatu, na YouTube hukuruhusu kupunguza kasi hadi nusu bila sauti kuwa nzito. Anayetumia bando la simu ashushe picha hadi 360. Saa nzima italamba kama megabaiti 300, na vidole bado vinaonekana. Programu ya kulipia, ambayo kwa kawaida huanzia kama dola 10 kwa mwezi, niliiacha baada ya miezi miwili. Ilinipigia makofi kila nilipobonyeza nyuzi kwa wakati, na haikujua kwamba kiwiko changu kilikuwa juu kama cha mtu anayekamua ng'ombe mrefu.

Lakini angalia jambo moja. Andika Yesterday ya The Beatles kwenye YouTube na uongeze maneno ya kutafuta gitaa moja: utapata mipangilio mingi kuliko unavyoweza kuitazama, ya rahisi, ya kati, ya mabingwa. Sasa andika Lunch Time ya Gabriel Omolo. Utapata wimbo wenyewe, watu wakiucheza harusini, na bendi za hoteli. Wa kukuketisha akuonyeshe kidole kiende wapi utamtafuta kwa tochi. Nyimbo za wenzetu zimeshaandikwa na kuwekwa bure. Zetu bado ziko kwenye vidole vya watu, na vidole vya watu hulipwa kwa saa. Hapo ndipo tofauti ya gharama ilipo, wala si kwenye gitaa. Mtu anayetaka nyimbo za Uingereza na Marekani anaweza kujifunza Kisumu kwa gharama ya gitaa na umeme. Anayetaka za nyumbani amlipe mwenye masikio.

Mwenye masikio nilimpata Nyalenda, mwendo mfupi kwa boda kutoka kwangu. Ni mzee aliyepiga kwenye mabaa kabla ya kibodi kuwafukuza wapiga gitaa, na hutoza 800 kwa kipindi ambacho hakina saa; huisha chai ikiisha. Siku ya kwanza nilifika na daftari la kodi. Alilifunga.

"Nyathina, mwanangu, leo mkono wa kushoto uko likizo."

"Nishike nini basi, japuonj?" (Yaani mwalimu.)

"Usishike kitu. Dole gumba tu."

Kwa dakika arobaini nilipiga nyuzi mbili za besi kwa dole gumba la kulia: wa tano, wa nne, wa tano, wa nne. Nikiharakisha alikuwa anagonga meza. Kisha akaniambia nianze kuzungumza naye huku naendelea, nimweleze nimekuja na boda gani, nimelipa ngapi, watoto wanasoma wapi. Nilipofika kwa mtoto wa pili dole likasimama. "Umeona?" akasema. "Dole gumba ni mguu. Mguu ukisimama, anayeimba anaanguka." Wiki mbili baadaye ndipo aliporuhusu kidole cha shahada kiguse uzi wa pili mara moja moja, juu ya mguu unaotembea. Siku hiyo, kwa sekunde kama nne, nilisikia watu wawili ndani ya gitaa moja.

Huo ndio ufundi wote wa wazee wa gitaa kavu wa huku kwetu na wa Katanga: dole gumba na shahada, basi. Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi akipiga Masanga mwaka 1952, alifanya kwa vidole hivyo viwili mambo ambayo Waingereza walisafiri hadi Kongo kwenda kuyafuata. John Low alikwenda na kuandika kitabu kizima, Shaba Diary, mwaka 1982. Na hapahapa Kisumu Olima Anditi, mpiga gitaa asiyeona, amerekodiwa na mradi wa Singing Wells akiwa na gitaa lake peke yake. Nautaja mradi huo kwa sababu ni shule ya bure: tafuta video zake, punguza kasi, tazama mkono wa kulia peke yake. Wa kushoto utaujua baadaye.

Uchaguzi wa wimbo wa kwanza nao ni gharama, maana kila wimbo mgumu ni vipindi. Malaika ni rahisi kuliko inavyosikika. Ni kodi tatu, unatembea taratibu, na mwimbaji hukaa kwenye noti ndefu, kwa hiyo dole gumba lina nafasi ya kupumua. Ukiupiga kwa C, besi yako ni uzi wa tano freti ya tatu, F iko uzi wa nne freti ya tatu, G uzi wa sita freti ya tatu. Freti moja, nyuzi tatu. Mzee alinionyesha hilo nikataka kurudishiwa pesa zangu za mwaka mzima. Mimi ulinichukua vipindi sita hadi kuupiga bila aibu. Jambo la kukumbuka ni kwamba huo ni ushairi wa huzuni uliozoeleka kama wimbo wa harusi, usiukimbize.

Kothbiro ya Ayub Ogada, aliyefariki Nyahera mwaka 2019, ni chaguo langu la pili. Aliupiga kwa nyatiti, na nyatiti ina nyuzi nane, lakini wimbo huzunguka palepale kama mtu anayetazama mawingu, na gitaa la nailoni hulibeba duara hilo vizuri. Vipindi vinne, vitano. Helule Helule ya Daudi Kabaka, ambayo The Tremeloes wa Uingereza waliirekodi upya mwaka 1968, ni ya kuchangamsha, ila ile twisti inataka mkono usiosita, kwa hiyo mimi naiweka mwaka wa pili.

Benga achana nayo kwanza. Najua ni dhambi kuandika hivyo katika mji huu, alikofia mwanabenga D.O. Misiani kwa ajali ya barabarani mwaka 2006. Lakini benga ni mazungumzo ya magitaa mawili au matatu na besi inayokimbia, na ukiyabana yote kwenye gitaa moja lazima umnyamazishe mmoja wao. Nani? Mzee wa Nyalenda anajua. Mimi bado, na kila nikijaribu kujua ni 800. Lunch Time iko katikati: maneno ya Kiswahili, sauti inayokaa kichwani, lakini gitaa la kupokezana nalo likikosekana wimbo hupwaya. Niliagiza mpangilio wake kwa yule wa Nairobi. Karatasi ni nzuri. Mkono haujaifikia.

Vitu vidogo sitavichelewesha. Kapo ya dukani, kile kibanio cha kubana nyuzi zote kwenye freti moja, ni kama 700. Mafundi wa zamani walifunga penseli kwa raba na wakapiga maisha yao yote, na kwa wiki chache itakufaa. Programu ya kutuni ni bure. Kiti kisicho na mikono unacho tayari. Nyuzi badilisha mara tatu kwa mwaka hapa ziwani, 900 kila seti ya maana. Seti za 300 zipo, na hukatika usiku, hasa ule wa kwanza, ukikuelekea jicho.

Sasa daftari. Njia niliyoifuata mwishowe, kwa mwaka: gitaa la mtumba 9,000, fundi wa kurekebisha daraja 1,000, nyuzi 2,700, kapo 700, vipindi viwili kila mwezi kwa mzee, 19,200, boda 50 kwenda na 50 kurudi, 2,400. Jumla 35,000. Njia ya kustarehe, gitaa jipya la 20,000 na mwalimu wa kuja nyumbani mara nne kwa mwezi kwa bei ya Milimani, ni 92,000 kabla hujanunua hata uzi mmoja. Njia ya bure, gitaa la 6,500 na video, ni 6,500, na kwangu ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote kwa kila noti niliyojifunza, kwa sababu sikujifunza hata moja.

Kama pesa ni 15,000 tu, nisingegusa gitaa jipya kabisa. Ningechukua la mtumba, hata lenye mikwaruzo, mradi kadi zikubali, na zinazobaki ningezigawa kwa vipindi sita au saba vya dole gumba, halafu video. Kama pesa ni 90,000, bado nisingemlipa mwalimu kila wiki. Kipindi kimoja hunichukua siku kumi kukimeza, na mwalimu anayekuja kabla hujameza huja kukutazama ukikosea kilekile cha wiki iliyopita. Ningenunua F310 juu ya lile la nailoni, kwa ajili ya Sengula.

Lile la kwanza bado ninalo, limetundikwa sebuleni, watu hulisifia rangi.

Na wewe unayetaka kuanza: siku ya kwenda kumjaribu mwalimu, usibebe gitaa. Weka wimbo unaoutaka kwenye simu, umsikilizishe mara moja, kisha mwombe apige ubeti wake mmoja tu kwa gitaa lake, bila kuimba. Ukiutambua wimbo, panga naye bei. Usipoutambua, umepoteza nauli ya boda peke yake.